Pedi ya Pili Ataishika Nani? Gemu Tatu za LEGO Zilizotokana na Filamu

Kila likizo ya Desemba sebule yetu ya Nyakato, hapa Mwanza, hugeuka baraza la kesi. Nina watoto wawili: binti wa miaka 12 na mdogo wake wa kiume wa miaka 9. Juu yao huongezeka mapacha wa dada yangu kutoka Sengerema, wa miaka 6, ambao majina yao sina haja ya kuyataja kwa sababu huku kwetu mapacha wana majina mawili tu na kila mtu anayajua. Zamani safari yao ilikuwa ya foleni ya kivuko. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 wanafika chai haijapoa. Watoto wanne, TV moja, mashine moja ya gemu ya mtumba aina ya PS4, pedi mbili za kuchezea.

Gemu tuliyokuwa nayo ni ya mpira. Siisemi vibaya, hata mimi huicheza watoto wakishalala. Lakini mpira lazima apatikane wa kufungwa, na mtoto wa miaka 6 akishafungwa tisa bila hachezi tena, anakuja jikoni kulia. "Mjomba, dada ananifunga makusudi!" Kesi ya namna hiyo haina hukumu. Banda la gemu la mtaani nalo halisaidii: huko ni mpira na ngumi, na matusi ya wakubwa juu yake.

Nikaanza kutafuta gemu ambayo wachezaji wawili wanakuwa upande mmoja. Kwa muda sasa tumepitia tatu, zote za LEGO, vile vitofali vya plastiki vya kuunganisha, zote zimetokana na filamu: LEGO Star Wars: The Skywalker Saga, LEGO Harry Potter Collection na LEGO Jurassic World. Majirani wakiniuliza ipi ni nzuri nashindwa kuwajibu kwa neno moja, maana jibu la nyumba yangu huenda likawa hasara kwa nyumba yao.

## Zinavyofanana

Mfululizo huu ulianza mwaka 2005, na mtengenezaji wake ni Traveller's Tales, studio ya Uingereza. Mpango hauna siri. Filamu inasimuliwa upya na vidoli vya LEGO, kwa utani mwingi. Unavunja viti, maua, taa na chochote kilicho mbele yako, vinamwaga vijisarafu; vipande vinavyorukaruka chini unavijenga vikawa ngazi au mashine, na mlango unafunguka. Hakuna damu. Anayeshindwa anasambaratika vipande, kisha anainuka papo hapo akiwa amepungukiwa sarafu kidogo. Hakuna kurudishwa mwanzo.

Kilichonivuta zaidi ni jinsi mchezaji wa pili anavyoingia na kutoka. Akibonyeza kitufe ameingia, hata kama mwenzake yuko katikati ya safari. Akitumwa dukani kuleta nyanya anatoka, na mhusika wake anaendelea kuongozwa na mashine. Aliyebaki haharibikiwi.

Kasoro nazo zinafanana, niziseme mara moja zisijirudie. Ukishacheza hatua kumi umeshaijua ya kumi na moja itakavyokuwa. Kuna mafumbo ambayo hayatoi dokezo lolote, mtoto anazunguka chumba kimoja robo saa, halafu inagundulika kwamba kulikuwa na kopo moja halijavunjwa. Vitu vingi vilivyofichwa havichukuliki mara ya kwanza. Lazima urudi baadaye na mhusika mwingine. Wanaocheza wawili wote wawe mbele ya TV moja, kwa hiyo binamu wa Dar es Salaam asahau. Na Kiswahili hakimo katika gemu yoyote kati ya hizi.

## Mambo niliyoyapima

Nimeyapima mambo matano, na sikuyatoa kwenye maganda ya diski. Kwanza pedi ya pili: mtoto mdogo au mzazi asiyejua gemu akiishika, atacheza au atapotea? Pili lugha, pamoja na swali la kama filamu yenyewe mmeshaiona, kwa sababu utani wa LEGO ni wa kuichezea filamu. Asiyeijua anacheka nusu. Tatu moyo: nini kitamtisha mtoto usiku, na nini kitamkera mkubwa aliyekaa kwenye kochi. Nne mashine na umeme. Tano muda, yaani itawashika likizo nzima au itakwisha wiki ya kwanza.

Sikupima uzuri wa picha. Watoto wangu hawajawahi kulalamikia picha.

## LEGO Star Wars: The Skywalker Saga

Ilitoka Aprili 2022 na ndiyo kubwa kuliko zote. Imebeba filamu tisa za Star Wars, zile za vita vya sayari na sayari, wahusika zaidi ya 380 na sayari zaidi ya 20. Huhitaji kuanza na filamu ya kwanza. Unachagua kuanzia sehemu ya 1, ya 4 au ya 7.

Pedi ya pili. Hapa ndipo ukubwa wake unapoiponza. Mkicheza wawili, skrini inakatwa katikati kwa mstari wa wima, na inabaki hivyo hata mkiwa mmesimama bega kwa bega. Kwenye TV yetu ya inchi 32 kila mmoja anabaki na kipande chembamba, kama mtu anayechungulia mlango ulioachwa wazi kidogo. Kamera nayo imekaa nyuma ya bega la mhusika, hivyo mchezaji lazima aiongoze mwenyewe: dole gumba la kushoto linatembea, la kulia linaangalia. Mtu mzima anaona ni jambo dogo. Pacha mmoja alitumia dakika kumi za mwanzo akitazama mchanga na anga kwa zamu. Binti yangu, kwa upande wake, hicho ndicho alichokipenda: anaweza kumwacha mdogo wake mjini, akaenda zake upande wa pili wa sayari, na hakuna anayemvuta mwenzake.

Lugha. Wahusika wanaongea, tena hawanyamazi. Ni Kiingereza mwanzo hadi mwisho, na uwezo mpya wa wahusika unanunuliwa kwenye menyu zenye maelezo marefu. Kwa binti wa darasa la sita imekuwa tuisheni ya bure. Kwa wadogo kuna dawa: kwenye menyu ya nyongeza kipo kipengele kinaitwa Mumble Mode, ukikiwasha wahusika wanaacha maneno na kuguna tu kama katika gemu za LEGO za zamani. Maandishi yanabaki. Kuhusu filamu, niseme ukweli kwamba nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa amezitazama zaidi ya mimi. Sehemu ya 1 inaanza na mgogoro wa kodi za biashara kati ya sayari; jaribu kumweleza hilo mtoto wa Sengerema saa tatu asubuhi. Sehemu ya 4, ile filamu ya 1977, inaeleweka haraka zaidi: kijana wa shambani, binti wa kifalme aliyetekwa, mtu mbaya mwenye kofia nyeusi. Ningeanzia hapo.

Moyo. Vita ni vingi, bunduki za miale na panga za mwanga kila kona, ila vyote vinaishia vipande vya plastiki. Hakuna aliyeota ndoto mbaya. Mtu mbaya mwenyewe amefanywa kichekesho.

Mashine na umeme. Haipo ya PS3, usidanganywe dukani. Kwa upande wa Sony unahitaji PS4 au PS5. Ipo pia ya Xbox One na Series, Nintendo Switch na kompyuta. Inachukua makumi ya gigabaiti kwenye mashine, kwa hiyo mwenye PS4 iliyojaa gemu za mpira atalazimika kufuta kitu, na anayefikiria kuipakua kwa bando la simu apige hesabu mara mbili. Diski ndiyo njia. Sifa yake ni kwamba inajihifadhi yenyewe mara kwa mara, hata katikati ya hatua. Umeme ukikatika hampotezi jioni nzima.

Muda. Kila filamu ina hatua 5, jumla 45, na hapo hujagusa kazi ndogondogo zilizotawanywa kwenye sayari. Likizo ya Desemba haitoshi. Kwa wengine hiyo ni sifa. Mimi naona sehemu ya wingi huo ni kuokota kwa ajili ya kuokota.

Inamfaa mtoto wa miaka 9 kwenda juu, anayesoma Kiingereza kidogo na mwenye mikono iliyozoea pedi. Inamfaa pia mtoto anayecheza peke yake. TV ikiwa kubwa, malalamiko yangu ya mstari wa katikati yanapungua sana.

## LEGO Harry Potter Collection

Hii ni diski moja yenye gemu mbili za zamani: ya miaka ya kwanza minne ya shule ya kijana Harry Potter, iliyotoka 2010, na ya miaka ya tano hadi saba, iliyotoka 2011. Ziliunganishwa kwa ajili ya PS4 mwaka 2016, kisha Xbox One na Switch mwaka 2018. Filamu zote nane zimo.

Pedi ya pili. Wachezaji wakiwa karibu picha ni moja; wakiachana inagawanyika, na mstari unazunguka kufuata nani yuko upande gani; wakikutana tena unafutika. Hakuna kuhangaika na kamera. Mapacha walielewa bila kufundishwa. Njia ikipotea ndani ya jumba la shule, na inapotea kweli maana jumba lina ngazi zinazohamahama, kuna mzimu mpole anayewatangulia akiangusha sarafu za kuonyesha njia. Mama watoto, ambaye hajawahi kushika pedi maishani, alishika ya pili jioni moja ya mvua akacheza mpaka ugali ukachelewa.

Lugha. Hakuna neno hata moja linalosemwa. Ni kuguna, kukuna kichwa, kuonyesha picha kwenye karatasi. Nilidhani ni upungufu. Kumbe nafasi ile ya kimya ikajazwa na mwanangu wa miaka 9, akageuka mtafsiri kama wale wa filamu za kibanda umiza: "Hapa mzee mwenye ndevu anamwambia kijana, wewe leo hutoki, rudi kitandani!" Nusu ya tafsiri zake ni uongo mtupu, na mapacha sasa wana Harry Potter wa kwao ambaye bibi yake anaishi Geita. Kwa nyumba ambayo Kiingereza ni cha mmoja tu, hii ndiyo inayowaweka wote sawa. Ila hadithi yenyewe, kwa asiyeiona filamu, inabaki matukio yaliyoshonwa juujuu.

Moyo. Hapa nikae kidogo.

Mama yangu alikuja kutoka Magu kwa ajili ya kliniki ya macho. Siku ya pili akawa amekaa sebuleni, mapacha wako kwenye zulia, mmoja anainua kitanda hewani kwa kijiti.

"Mwanangu, hawa watoto wanafanya nini?"

"Wanacheza, mama. Hao kwenye TV ni wanafunzi, wako shuleni."

"Shule inayofundisha nini?"

Kumdanganya mama siwezi. "Uchawi, mama."

Hakucheka, wala sikutegemea acheke. Kwa msomaji wa mbali uchawi wa gemu hii ni ngano kama ya sungura na fisi. Kwetu Usukumani neno hilo lina makaburi. Vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu tu, na wekundu huo ulitokana na miaka ya kuinamia moshi wa kuni na samadi jikoni. Mama yangu ni mjane, ana macho mekundu, na anaishi kijijini. Mjukuu wake anapocheka na kusema "mimi ni mchawi!" yeye halisikii kama sisi tunavyolisikia.

Aliniuliza swali moja: hao watoto wakirudi Sengerema watasema wamejifunza nini kwa mjomba? Jioni ile niliwaweka chini wote wanne tukaongea, siyo kuhusu gemu, kuhusu bibi na majirani wa bibi. Binti yangu alikuwa na habari zaidi ya nilivyodhani. Gemu haikufungiwa. Mama aliendelea kuitazama, hata akasema kijiti kile kingemfaa Magu kuchotea maji, lakini aliomba isiwashwe wageni wa kanisani wakija, na haikuwashwa. Kwa hiyo anayenunua hii ajue anaweza kulazimika kuwa na mazungumzo hayo, na mwenye nyumba isiyoyataka ana sababu yake na wala si mshamba.

Baada ya hilo, vitisho vya kawaida ni vidogo: buibui wakubwa, joka refu, na vivuli vinavyoelea kwenye sehemu ya tatu. Gemu ya pili ina giza zaidi ya ya kwanza, kama filamu zenyewe.

Mashine na umeme. Mwenye PS3 anaweza kuzipata gemu hizi mbili, kila moja kwa diski yake. Upande wa umeme ni dhaifu kuliko ya Star Wars: mkitoka katikati ya hatua ya hadithi, hatua hiyo mtaianza tena. Kanuni ya nyumbani ni kwamba hatua ikianza imalizwe, na kila siku yenye wingu zito juu ya ziwa hatuanzi mpya.

Muda. Mrefu wa kutosha, na umegawanyika vizuri: mwaka mmoja wa shule kwa siku mbili tatu, kisha mnapumzika.

Inawafaa watoto wa umri mchanganyiko, mzazi anayejifunza, na nyumba isiyotegemea Kiingereza. Haiifai nyumba ambayo jambo la uchawi halitaniwi.

## LEGO Jurassic World

Ilitoka Juni 2015, ina filamu nne: ile ya 1993, ya 1997, ya 2001 na ya 2015. Ndiyo fupi kuliko zote hapa, na ndiyo inayoeleweka kwa sekunde moja. Dinosaria wametoka, kimbieni.

Pedi ya pili. Picha inagawanyika pale tu mnapoachana, kama ile ya pili. Uzuri wake ni kwamba kila mhusika ana kazi ambayo mwenzake haiwezi. Kuna binti anayepiga kelele mpaka vioo vinapasuka. Kuna daktari wa mimea ambaye, na hapa sebule nzima ilianguka kwa kicheko, kazi yake ni kujitosa ndani ya rundo la kinyesi cha dinosaria kutafuta kitu kilichopotea. Mapacha waligombea kuwa daktari huyo siku tatu mfululizo. Baadaye unapewa dinosaria wenyewe uwaendeshe: mwenye pembe anavunja vizuizi kwa kichwa, mdogo anapenya matundu, na yule mkubwa ananguruma. Mtoto wa miaka 6 akinguruma mwenyewe hahitaji kuelezwa hadithi.

Kinachoharibu ni mbio za kukimbizwa. Mnakimbia mkielekea kamera, mnyama yuko nyuma, vikwazo vinatokea mbele ghafla. Mdogo anasambaratika kila baada ya hatua tano. Hawarudishwi mwanzo, ila sarafu zinamwagika na lawama zinaanza. Sehemu hizo pedi huwa inaombwa na mkubwa, kwa hiari, na hilo lenyewe limepunguza kesi.

Lugha. Sauti nyingi zimechukuliwa kutoka kwenye filamu zenyewe, kwa hiyo ni Kiingereza cha Kimarekani cha haraka, na nyingine zinasikika kama zimerekodiwa chumba tofauti na mwenzake. Lakini matukio yanajieleza kwa macho. Hii ndiyo filamu ambayo watoto wengi wa hapa wameiona, au wameona kipande chake, hivyo utani unawafikia.

Moyo. Dinosaria usiku, mvua inanyesha, gari limekwama: pacha mmoja alitazama kipindi hicho chote kutokea nyuma ya kochi. Anayeogopa kenge ataogopa. Sisi ilitusaidia kuwatoa nje asubuhi yake. Juu ya mawe ya Mwanza kuna yule mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, ambaye wanasayansi wamempa jina la mji wetu, *Agama mwanzae*. Nikawaambia huyo ndiye dinosaria wa siku hizi. Binti yangu akanisahihisha mbele ya watu: waliobaki wa ukoo wa dinosaria ni ndege, siyo mijusi. Basi tukashuka Mwaloni Kirumba kuwatazama korongo wenye upara wanaopanga foleni kwenye utumbo wa sangara, na yeyote aliyewahi kumwona mmoja akitembea hatahitaji ushahidi mwingine.

Mashine na umeme. Hii ina faida ya wazi kwa bajeti: ipo ya PS3 na ya PS4, ya Xbox 360 na Xbox One, na tangu 2019 ya Switch pia. Diski ya PS3 haiingii kwenye PS4, kwa hiyo soma juu ya ganda kabla hujatoa hela. Kuhusu umeme tunaifuata kanuni ile ile ya kumaliza hatua kwanza.

Muda. Hatua 20. Mtoto wa miaka 9 anayekaza ataimaliza hadithi ndani ya wiki mbili, kisha atabaki akitembea visiwani kutafuta mawe ya kaharabu yanayofungua dinosaria wapya. Wangu walirudia filamu ya kwanza mara nne na kuisahau ya tatu kabisa.

Inawafaa wadogo, wapenda wanyama, na mtu anayejaribu gemu za LEGO kwa mara ya kwanza bila kutaka kuingia gharama kubwa. Anayetaka kitu cha miezi sita hajafika.

## Kwa hiyo, kwenu mko wapi?

Kama kuna mtoto mmoja tu, mkubwa kidogo, na TV ya kutosha, chukua The Skywalker Saga. Ukubwa wake utamlinda na upweke wa likizo, na Kiingereza kitaingia bila fimbo. Vivyo hivyo kwa ndugu wawili wanaokaribiana umri ambao kila mmoja anapenda kwenda njia yake.

Kama watoto ni wa rika tofauti na wote wanataka kucheza, ugomvi wangu uko kati ya Harry Potter na Jurassic World. Mdogo akiwa chini ya miaka 7 ningeanza na dinosaria, ila awe jasiri wa giza. Akiwa mwoga wa wanyama lakini anapenda kuunda na kuchokora vitu, Harry Potter, kwa sharti kwamba umeshaongea na bibi, babu, au yeyote mwenye neno la mwisho nyumbani.

Mzazi anayetaka kucheza na mwanawe lakini hajui pedi: Harry Potter, bila kusita. Hakuna kamera ya kuongoza, na hakuna anayekucheka maana wote mnaguna.

Mwenye PS3 asiione kama amepitwa. Mbali na Jurassic World, ipo LEGO Star Wars: The Complete Saga ya 2007, yenye filamu sita za mwanzo na isiyo na maneno. Tahadhari moja: skrini yake haigawanyiki, hivyo mmoja akikimbia mbele anamburuta mwenzake, wakati mwingine hadi shimoni. Ni gemu ya kupimia ndugu wanaopendana. Nyumba yenye PS4 inayotaka kitu kifupi kabisa, cha wikiendi chache, iangalie LEGO The Incredibles ya 2018. Ina filamu mbili tu na ni ya familia inayopigana pamoja, baba, mama na watoto.

Umeme wa mtaani kwenu ukiwa wa kubahatisha, Star Wars mpya inapata alama zaidi. Vyovyote vile, alama ya kuhifadhi inapozunguka kwenye kona ya skrini, mtu asiguse swichi ya ukutani. PS4 iliyozimika ghafla ikiwaka itakagua hifadhi yake kwanza; iache imalize.

Na kabla ya kuchagua diski yoyote, angalieni kama pedi ya pili mnayo kweli. Pedi za mtumba nyingi zina kijiti cha kushoto kilicholegea, mhusika anatembea peke yake hata hujagusa kitu. Mwombe muuzaji aiwashe, weka pedi mezani, toa mikono, tazama skrini kwa dakika moja. Mhusika akisogea, hiyo irudishe ulete nyingine, maana hiyo ndiyo watakayopewa mapacha.